Majirani wa Korido ya Pili

Jumamosi, 6 Aprili 2013

Miguu inawaka moto lakini silali mpaka niandike. Plaza imefunguliwa! Tangu asubuhi foleni imezunguka jengo zima. Watu wamevaa nguo za kutokea, watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Wengi hawakuja kununua chochote, wamekuja kupanda ngazi za umeme. Mama mmoja alifika pale ngazi zinapoanzia, akavua viatu, akavishika mkononi, akasita — nyuma wanasukuma — mwisho akaghairi akapanda ngazi za kawaida. Alipofika juu akatangaza kwamba yeye hana haraka.

Nina madirisha manne. Duka la nguo ninalolifanyia kazi lilikuwa na dirisha moja tu kule barabarani, na vumbi nililifuta mpaka nikachoka. Sasa vioo vinatoka sakafuni mpaka darini. Nilitoka nje ya kioo nikasimama kuangalia wanaoangalia. Hiyo ndiyo kazi yangu hasa, kuvisha sanamu ni sehemu ndogo tu. Mtu akipunguza mwendo, nimempata. Akisimama, pochi yake imeshaanza kuwasha. Leo walisimama wengi na mimi nilijiona nimerefuka.

Mdogo wangu alikuja na wenzake wa saluni. Amezunguka kila korido. Akaniambia siku moja atakuwa na saluni yake humu humu ndani, korido ya pili, kule kwenye mwanga. Yeye bado anasuka watu kwenye kibanda cha bosi wake, chini ya ngazi, anainama ili asigonge kichwa. Nikamwambia haya, na mimi nitakupambia dirisha. Mama akatucheka wote wawili.

Jumapili, 9 Agosti 2015

Naona miaka imepita bila neno humu. Nikiwa na raha siandiki.

Plaza imejaa pomoni. Hakuna duka hata moja lililo wazi, anayetaka nafasi asubiri mwenzake ashindwe. Mtaa wa zamani ndio umekufa — wenye maduka yao wamehamia ndani au wamefunga. Kinyozi wa pale kona alinisimamisha juzi, akasema sisi wa Plaza tumewanyonya damu. Nilimcheka kidogo. Nilipofika nyumbani sikucheka tena, lakini ndiyo hivyo.

Siku hizi hata maduka mengine yananiita. Duka la viatu, la miwani, la mapazia. Mpamba madirisha, wananiita hivyo kwenye korido, na mimi naitika.

Jumatano, 14 Machi 2018

Supamaketi imeondoka. Ghorofa ya chini yote! Imehamia kwenye moli mpya kule barabara kuu, kwenye maegesho ya kumwaga. Wafanyakazi walitoa vitoroli vimefungwa pamoja kwa mnyororo, mstari mrefu, vinapiga kelele kwenye vigae, na sisi wa madukani tumesimama milangoni.

Bosi wangu wa duka la nguo anasema tusiwe na wasiwasi, sisi tupo tupo sana. Amesema mara tatu. Ya kwanza nilimwamini.



Jumatatu, 11 Februari 2019

"Tupo tupo sana" imefungwa rasmi. Sanamu zangu zimebaki, hakuna aliyezitaka. Duka la viatu liliondoka kabla yetu, la miwani likafuata, la mapazia waliondoka asubuhi moja bila kuaga mtu. Ngazi za umeme zimezimwa. Fundi umeme wa jengo anasema sasa ni ngazi tu, na angalau haziharibiki.

Nimekaa nyumbani wiki nzima. Napanga vikombe vya mama, napangua, napanga tena. Mama akaniambia ama nitulie ama nitoke.

Nimetoka. Meneja wa Plaza aliniita ofisini kwake. Ana kazi. Nilidhani kuna duka jipya. Hapana. Anataka nipambe maduka matupu. Yaani dirisha tu, hatua moja ndani ya kioo, nyuma yake ubao na pazia. Mtu akipita aone duka. Kila moja niliweke kama lilivyokuwa, viatu palipokuwa na viatu, mapazia palipokuwa na mapazia. Anasema korido yenye giza hufukuza wapangaji, na mpangaji mmoja akija huvuta mwenzake. Ni kuwashikilia watu macho kidogo, mpaka wa kweli waje. Akaniomba nisilitangaze.

Nimekubali kabla hajamaliza. Nilitaka kurudi kwenye vioo vyangu, basi.

Alhamisi, 28 Februari 2019

Sikumbuki lini nilipamba vizuri hivi. Nisiwe mnafiki, najisikia vizuri.

Korido ya pili nzima ni yangu. La viatu ndilo ninalolipenda. Nimegundua kwamba duka likipangwa sawasawa mno linaonekana limekufa. Duka hai lina fujo kidogo. Kwa hiyo nimeacha kiatu kimoja nje ya boksi, kigoda cha kujaribia kimekaa upande, mkoba umetundikwa kwenye kiti kana kwamba muuzaji kaingia stoo. Mlangoni nimening'iniza kibao: Tunarudi punde. Kila Alhamisi nabadilisha viatu. Ni vile vile, navibadilishia nafasi na rangi ya kitambaa.

Fundi umeme ameweka taima. Taa zinawaka saa nne asubuhi zenyewe, zinazimika jioni. Alikaa juu ya ngazi yake akaniambia mimi na yeye ni matapeli wa daraja la kwanza, yeye anawasha, mimi navisha. Tulicheka mpaka akashuka. Leo bwana mmoja alikuja akagonga kioo cha viatu, akasoma kibao, akaangalia saa yake, akakaa kwenye benchi kumsubiri muuzaji. Alikaa muda mrefu. Nilijificha nyuma ya ubao nikimchungulia na nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 16 Machi 2019

Mdogo wangu amekuja nyumbani anahema. Ameuza kiwanja chake. Kile alichokinunua kwa kusuka vichwa vya watu, kidogo kidogo, kile alichosema atakijengea watoto. Amekiuza! Anachukua fremu Plaza, korido ya pili, mkabala na duka la viatu. Meneja mwenyewe amemtembeza. Ijumaa anasaini, mkataba wa miaka mitatu, na pango la mwaka mzima linalipwa mbele.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alitaka kunishtua. Amenishtua.

Nilimwambia pale hakuna watu siku hizi. Akanitazama kwa huruma, mimi dada yake niliyepoteza kazi na sasa naona giza kila mahali. Akasema ameshachunguza, yeye si mtoto. Amepita korido ile Alhamisi tatu mfululizo. Halafu akasema neno ambalo linanizunguka kichwani mpaka sasa.

"Lile duka la viatu, dada, kila wiki wana mali mpya. Mfanyabiashara habadilishi mali kama ya zamani haijatoka."

Mama alikuwa anakunja nguo. Akasema kweli, mwanangu amefikiri.

Mimi nikanyanyuka kwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Jumapili, 17 Machi 2019

Leo ameniuliza uso kwa uso kama ni mimi ninayewapambia wale wa viatu, maana mkono ule anaujua. Nikasema ndiyo. Ni kweli, ndiyo! Akafurahi. Akasema basi niwaambie wamshike mkono, mdogo wangu anakuja, wawe majirani wazuri. Nikasema nitawaambia.

Nitawaambia. Nimesema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Ningesema pale pale ingekuwa imekwisha. Ila ningesema nini? Kwamba hakuna duka, kwamba dada yako ndiye aliyekuchagulia fremu bila kujua? Na meneja akisikia, kazi hiyo kwaheri. Na kuna kitu kingine, nakiandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: nilipendezwa. Mdogo wangu alisimama mbele ya dirisha langu akaliamini. Hata yeye, anayenijua tangu nikimfunga viatu.

Halafu najiambia labda meneja ana haki. Mmoja akija anavuta wengine. Saluni huleta wanawake, wanawake huleta watoto, watoto huleta wa kuwauzia. Labda mdogo wangu ndiye wa kwanza wa wale wa kweli. Nimejiambia hivi tangu asubuhi.

Jumanne, 19 Machi 2019

Nilikwenda saluni anakofanyia kazi nimwambie. Nilikuwa nimeshapanga maneno njiani. Nimefika, nakuta wenzake wamemzunguka, wanamwagia maji ya baraka kwa mzaha kwa chupa ya kupulizia nywele, wanamwita tajiri. Ameshaaga! Ameshamwambia bosi wake. Akanikalisha kwenye kiti akanitambulisha kwa wateja: huyu ndiye dada yangu, ndiye aliyenipeleka Plaza mara ya kwanza.

Nikasema hongera. Nikarudi kwa miguu njia yote.

Alhamisi, 21 Machi 2019

Nimepata dawa. Sitasema kitu. Nitaliacha dirisha uchi.

Kesho kabla ya kusaini atapita koridoni, hawezi kukosa kupita. Ataona kioo kitupu, sakafu ya saruji, nyaya zinaning'inia. Ataelewa mwenyewe na hakuna atakayesema mimi ndiye niliyetoboa. Nilifika asubuhi nikatoa kila kitu. Viatu kwenye gunia, kigoda nje, pazia chini, ubao nikauegemeza ukutani. Nikabandua kibao. Nikatoka koridoni niangalie.

Mungu wangu, lilivyokuwa baya. Kioo kichafu na shimo nyuma yake. Nilijaribu kuondoka, nikafika mpaka ngazi. Mwanamke mmoja alikuwa anapita na mtoto, akaangalia lile shimo, akamvuta mtoto wakatembea haraka haraka kuelekea mlango wa kutokea. Nikaona korido nzima inakufa kwa sababu ya dirisha moja.

Nikarudi. Nilisema nafuta kioo tu. Nikafuta. Nikasema narudisha pazia tu, kuziba aibu. Halafu pazia lenyewe bila kitu mbele yake lilionekana la kijinga. Nilipokuja kushtuka nilikuwa nimepiga magoti ndani ya dirisha nimeshika pini mdomoni, na viatu vimesimama kwenye ngazi ndogo za kitambaa chekundu, kimoja kimetoa kisigino mbele kana kwamba kinataka kuondoka. Nimepamba kuliko siku zote. Fundi umeme alipita akapiga mluzi. Akaniuliza kesho anakuja nani, waziri?

Mikono hii ingefaa kukatwa.

Ijumaa, 22 Machi 2019

Amesaini. Alipita koridoni kwanza, na mama, wote wawili wamevaa vizuri. Walisimama mbele ya viatu. Mama alisema kile kilichotoa kisigino, angekuwa na miguu ya ujana angekichukua.

Jumatatu, 15 Aprili 2019

Saluni imefunguliwa leo. Ni nzuri, siwezi kusema vingine. Viti vitatu, vioo vitatu, sinki la kuoshea lenye shingo laini, rangi ya ukuta kaichagua mwenyewe. Wenzake wa zamani wamekuja, ndugu wamekuja, mama amekaa kwenye kiti cha kati akasetiwa nywele kama bibi harusi. Meneja alileta maua. Aliponipa mkono hakunitazama usoni na mimi pia nilikuwa natazama maua.

Fundi umeme amewasha ngazi za umeme kwa siku moja, kwa heshima ya mdogo wangu. Jioni akazizima.

Jumatano, 24 Aprili 2019

Ndugu wameisha. Nywele za ukoo mzima zimeshatengenezwa.

Nilipita kumwona mchana. Alikuwa anafagia. Sakafu haikuwa na unywele hata mmoja, na anafagia. Akaniambia mwanzo ndivyo ulivyo, watu lazima wazoee. Akaniuliza hawa wa viatu wanafungua saa ngapi maana kila akitoa macho anakuta kibao cha Tunarudi punde, na yeye anataka kuwasalimia tangu afike. Wasije wakasema anajidai. Halafu akaniuliza mwenye duka ni nani hasa, si mimi ndiye ninayempambia?

"Husafiri sana," nikasema.

Neno hili si la dirisha. Hili nimelisema mimi kwa mdomo, kwa mdogo wangu, na yeye akaitikia kwa kichwa na kuendelea kufagia. Akasema basi ndiyo maana mali zake ni mpya mpya.

Nimekwenda kwa meneja. Nimemwambia sipambi tena lile la viatu. Akasema sawa, niliondoe, kisha nimweleze mdogo wangu kwa nini jirani yake amehama wiki ya pili. Alisema kwa upole kabisa. Nimetoka ofisini kwake najua kwamba hata kuacha siwezi.

Jumamosi, 4 Mei 2019

Mama ananiuliza mbona sili. Namwambia nakula. Ananiuliza mbona mdogo wangu hacheki siku hizi. Namwambia ni uchovu wa biashara. Najibu haraka haraka, sijui nimeanza lini kuwa na jibu la kila kitu.

Jumanne, 7 Mei 2019

Alinipigia simu asubuhi. Sauti yake imekuwa ndogo. Akasema ananiomba kitu nisimcheke.

"Njoo ukae kwenye kiti. Kile cha karibu na kioo. Mtu akipita aone nina mteja."

Sikumcheka.

Naandika hapa hapa kwenye kiti. Nimekuja na daftari kwa sababu aliniambia nishike kitu, nionekane mteja aliyetulia, si mtu anayengoja. Kanifunga shuka shingoni. Akasema kwa kuwa nimeshakaa basi tufanye kweli, akanipaka dawa ya kulainisha nywele kichwa kizima, kwa brashi, kwa utaratibu ule wake, akigawanya mstari kwa mstari. Vidole vyake ni vyepesi. Akanigeuza kidogo nitazame koridoni. Akarudi nyuma, akatoka mpaka nje ya kioo, akaniangalia kutoka kule, akaingia akaninyanyua kidevu. Akatoka tena. Akaridhika. Namjua mtu anayetazama namna hiyo.

Hajapita mtu. Mlinzi amepita, huyo hahesabiki.

Anaongea sasa, anapanga rola ambazo zimeshapangwa. Anasema akishika moto atamchukua yule mwenzake wa zamani waje wafanye wote. Anasema mwezi ujao labda. Anasema kama mambo yakiwa magumu sana atakwenda kuwaomba majirani waweke tangazo lake dirishani kwao, maana dirisha lao linavutia, na mimi ndiye wa kuwaombea. Mimi naitikia kwa kichwa kidogo tu ili dawa isinishukie usoni.

Dada yake ameketi ndani ya kioo chake kama sanamu, na yeye anamshukuru.

Saa nne. Taa za duka la viatu zimewaka.

Amegeuka haraka. "Wamefika, leo nimewawahi," akasema. Uso wote umebadilika, sijauona uso huo tangu siku ya ufunguzi. Akajifuta mikono kwenye aproni, akajitazama kwenye kioo, akasema anakwenda mara moja tu kuwasalimia kabla hawajatoka tena, dawa bado ina dakika chache. Nikasema ngoja. Akasema harudi nyuma leo.

Anavuka korido. Anagonga mlango kwa kidole kimoja, kwa adabu. Anasoma kibao. Anagonga tena. Nimesema ngoja kwa sauti, ila kioo ni kinene na yeye amenipa mgongo.

Dawa imeanza kuwasha.

Anasogea dirishani. Ameweka viganja viwili kwenye kioo, amesogeza uso katikati yake kuzuia mwanga, anachungulia juu ya viatu, juu ya pazia. Pazia halifiki darini, wala ubao, na juu yake nyaya zinaning'inia. Nilijua halifiki. Mpita njia haangalii juu hivyo, mpita njia hakai hapo muda wote huo.

Amekaa hapo muda mrefu. Mabega yake yameshuka.

Kichwa kinaungua kweli sasa, hii dawa ilitakiwa ioshwe. Sinki liko nyuma yangu, naweza kunyanyuka, sinyanyuki. Ameondoa viganja kwenye kioo, vimeacha alama mbili. Anageuka taratibu. Hatazami tena duka. Ananitazama mimi, hapa nilipo, ndani ya dirisha lake, na shuka shingoni, na kalamu bado mkononi —